Farasi wa Bitutu

Jioni moja mwaka wa 1967, gari la sinema lilifika sokoni Ikonge likaonyesha picha ya kuchekesha ya mbio za farasi. Bitutu, mchuma chai ambaye hakuwahi kuona farasi, alimpenda farasi mmoja mzembe aliyesimama njiani kula kofia za watazamaji. Mara filamu ikakatika, mbio hazijaisha. Watu wakaguna.

Bitutu akaruka mbele. "Tulieni, nawamalizia!"

Akatimua mbio kuzunguka uwanja, akijifanya yule farasi mzembe, akihema na kurusha mateke, mpaka farasi wake akashinda. Watu wakacheka hadi machozi.

Ogada, mwenye mashine, alipoiunganisha filamu, mzembe akafika wa mwisho.

"Zima hiyo!" wakapiga kelele. "Bitutu, rudia yako!"

Naye, huku akicheka, akajifunga leso kiunoni.