Fainali kwa Kiairishi

Eoghan, meneja wa redio ndogo ya Connemara, hakuuma maneno. Siku ile ya Agosti aliwaita Bairbre na Tadhg kwenye chumba cha mikutano, chumba ambacho zamani kilikuwa cha kufumia masweta na bado kilinuka sufu kila mvua iliponyesha, akawaambia kwamba matangazo ya raga yataendelea hadi Krismasi, basi. Wasikilizaji ni wachache, alisema. Watu wa huku wanapenda mpira wao wa jadi. Raga wanaiona ni ya watoto waliosomeshwa shule za mjini. Isitoshe, timu yenyewe, timu ya Magharibi, msimu uliopita ilimaliza ya kumi kati ya timu kumi na mbili.

Bairbre Ní Chualáin alikuwa na miaka arobaini na sita. Siku za kazi alikuwa karani wa ushirika wa wavuvi pale Ros an Mhíl. Jumamosi alivaa hedifoni akaitangaza timu ya Magharibi kwa Kiairishi, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja, timu ikishinda kwa nadra na kufungwa kwa mazoea. Hakuna mwingine aliyeitangaza kwa lugha hiyo. Wengine wote, kuanzia Galway mpaka Dublin, walitangaza kwa Kiingereza.

"Na tukishinda?" akauliza.

"Mkishinda nini, Bairbre?"

"Ligi."

Eoghan alicheka, si kwa ubaya. Alicheka jinsi mtu anavyocheka akiambiwa na mtoto kwamba atakuwa rubani. Bairbre hakucheka. Alikunja karatasi yake, akaaga, akatoka.

Tadhg alimfuata akichechemea. Huyu alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu, fundi wa injini za boti, aliyewahi kucheza safu ya mbele ya timu hiyohiyo enzi ambazo wachezaji walikuja mazoezini wakitoka kuchunga kondoo. Masikio yake yalikuwa yamefinyangwa na skramu, ile misukumano ya bega kwa bega, mpaka yakawa kama viazi viwili vilivyopondwa. Kazi yake redioni ilikuwa uchambuzi, ingawa kwa mechi nzima aliweza kusema maneno ishirini, na watu wakaridhika.

"Ligi nzima, mama?" alisema walipofika garini. "Ungeanza hata na mechi moja."

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Ungemwambia nafasi ya tisa. Ya tisa tungeifikia."

Mechi ya kwanza walifungwa, nyumbani, kwa pointi moja, mvua ikinyesha upande upande. Ya pili wakashinda. Ya tatu wakashinda, na ya nne, na ya tano. Kocha alikuwa ameamua kwamba kwa kuwa timu yake haina majitu ya kushindana kifua kwa kifua na matajiri wa ligi, basi watakimbiza mpira kutoka popote walipo, hata kwenye mstari wao wenyewe, mahali ambapo kila mwenye akili timamu hupiga teke na kujiokoa. Mchezaji wake namba tisa alikuwa Cóilín Ó Flatharta, kijana wa An Cheathrú Rua aliyezungumza Kiairishi tangu kunyonya, mfupi, mbishi, mwepesi kama ngedere. Kila baada ya mechi huyo alipita mbele ya kamera zote, akaenda kwa Bairbre kwanza.

Na Bairbre alikuwa na lugha yake ya kazi. Vitabu vya mchezo havikuandikwa kwa Kiairishi, kwa hiyo maneno aliyokosa aliyachukua kwenye maisha ya watu wake. Skramu ikisukumwa, alisema wanaume wanautoa mtumbwi matopeni. Wachezaji wakilundikana juu ya mpira, alisema Cóilín anachimbua mboji ya kuwashia moto. Beki akikosa kumkaba mtu, alisema ameacha lango la zizi wazi, na wazee waliokuwa wamekaa karibu na jiko waliiona ile aibu kana kwamba kondoo ni wao.

Oktoba, mwandishi mmoja wa gazeti la Jumapili la Dublin aliandika kwamba timu ya Magharibi ni upepo wa kupita, na kwamba kama si huruma ya wakubwa ingeshafutwa zamani. Jumamosi iliyofuata Bairbre aliisoma makala hiyo hewani, yote, akiitafsiri sentensi kwa sentensi bila kupandisha sauti. Alipomaliza akalikunja gazeti.

"Tumesikia," akasema. "Sasa twendeni uwanjani."

Siku hiyo walishinda kwa pointi ishirini na moja.

Novemba wakaenda Limerick, mahali ambapo hawakuwahi kushinda kwa miaka ishirini na tisa. Dakika ya sabini na sita, wakiwa nyuma kwa pointi tatu, Cóilín aliuchomoa mpira kutoka miguuni mwa adui, akatimua mbio mita sitini peke yake. Bairbre aliwaambia watu wasimame. Alimwita Cóilín kwa jina lake, kwa jina la baba yake, la babu yake, na la kijiji chao, mpaka akafika mstarini na kuanguka na mpira. Mtangazaji wa Kiingereza kwenye kibanda cha jirani alivua hedifoni zake, akageuka kumtazama. Tadhg, aliyepaswa kuchambua, alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa sweta. Bairbre alipomsogezea kipaza sauti, alisema "Mm," na Connemara nzima ikamwelewa.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Kwenye baa za pwani walianza kuzima sauti ya televisheni na kufungulia redio. Mapadri wawili walisogeza misa ya Jumamosi. Krismasi ikaja, timu ikiwa ya tatu, na Eoghan akawapigia simu kusema waendelee mpaka Mei. Hakutaja mazungumzo ya Agosti, na Bairbre hakumkumbusha. Msimu ulipokwisha walikuwa wa pili. Nusu fainali waliicheza nyumbani Galway, wakaishinda timu ya Uskoti pointi kumi na sita kwa kumi na moja, na watu wakaingia uwanjani wakalikanyaga tope lote lililokuwapo. Ilibaki fainali, mjini Cardiff, dhidi ya timu ya Dublin iliyolichukua kombe mara tatu katika miaka mitano.

Bairbre na Tadhg walivuka kwa feri, gari dogo la Tadhg likiwa limejaa mikate, soseji baridi na chai. Walipofika uwanjani, saa nne kabla ya mechi, mwanamke mmoja mwenye orodha mkononi aliwatafuta kwenye karatasi zake mara mbili. Hawakuwamo. Vibanda vya watangazaji vimejaa, alisema, vimegawiwa redio na televisheni kubwa. Aliwasikitikia. Akawashauri wachukue matangazo ya Kiingereza kutoka redio ya Dublin, kisha wayatafsiri taratibu kesho yake.

"Kesho wasikilizaji wangu watakuwa wameshajua," Bairbre akamwambia. "Wana televisheni, dada. Hawahitaji kuambiwa nani kashinda. Wanataka kuambiwa kwa lugha ya kinywa chao."

Mwanamke yule alisema anaelewa, ila nafasi hakuna. Alichoweza kuwapa ni tiketi mbili za kukaa jukwaani. Bairbre akazichukua. Tadhg akauliza kama sasa wanarudi nyumbani, na Bairbre akamtazama kwa namna iliyomfanya mzee aanze kupanda ngazi bila kuuliza tena.

Viti vyao vilikuwa katikati ya mashabiki wa Dublin, bahari ya skafu za buluu. Bairbre alimpigia simu fundi wa mitambo kule Connemara, akamwambia amuunganishe hewani kwa simu ya mkononi. Akaziba sikio moja kwa kidole. Timu zilipoingia, akaanza.

Dakika tano hazijaisha, bwana mmoja aliyekaa mbele yao, mfupi, mwenye chupa ya chai magotini, aligeuka.

"Dada, utapiga kelele hivyo mechi nzima?"

Bairbre akaendelea kutangaza. Tadhg ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza chake kizito.

"Dakika themanini tu. Wakiongeza, na sisi tutaongeza."

"Angalau aongee lugha ya watu."

"Anaongea ya kwenu," Tadhg akasema. "Ni nyinyi mlioiacha."

Mwenye chupa akamwita askari wa uwanja. Alikuja mzee mmoja wa Cardiff, koti la njano, akasikiliza malalamiko hadi mwisho. Kisha akamwinamia Tadhg kuuliza ni lugha gani hiyo. Alipoambiwa, alisema kitu kirefu kwa Kiwelshi, ambacho wala Tadhg wala Bairbre hawakukielewa hata neno, akamgonga Tadhg begani, na akamwambia yule bwana kwa Kiingereza kwamba shabiki ana haki ya kushangilia kwa lugha anayoipenda. Akaenda zake.

Uwanjani mambo yalikuwa mabaya. Dublin walipata trai mapema, mpira ukiwekwa chini nyuma ya mstari, na teke lake la nyongeza, wakaongeza mkwaju wa adhabu, wakawa na pointi kumi, Magharibi sufuri. Mashabiki wa buluu walianza kuimba. Bairbre hakuwadanganya watu wake. Aliwaambia wazi kwamba vijana wanapigwa, kwamba kila wakisimama wanarudishwa chini. Lakini akawaambia pia kwamba wanasimama. Kabla ya mapumziko Magharibi walifunga mkwaju mmoja, kisha winga wao akaponyoka pembeni kwa trai, ikawa kumi kwa nane.

Kipindi cha pili kilikuwa cha kung'ang'aniana. Dublin mkwaju, kumi na tatu kwa nane. Magharibi trai, na teke la nyongeza likapita katikati ya milingoti, kumi na tano kwa kumi na tatu. Dublin mkwaju mwingine, wakatangulia kwa pointi moja. Dakika ya sabini na moja ikaja skramu mita tano kutoka mstari wa Dublin. Bairbre aliwaambia watu washike mtumbwi. Wanaume wanane wa Magharibi wakasukuma, hatua, hatua nyingine, wakaporomoka juu ya mstari, na uwanja mzima ukasimama.

Yule bwana mfupi hakuona kitu. Aliruka mara mbili nyuma ya migongo, kisha akageuka, uso umemwiva.

"Nani huyo? Dada, nani kafunga?"

Bairbre alimwangalia machoni, akamweleza kila kitu, jina la mfungaji, jinsi alivyoubana mpira chini ya kifua, nani alimsukuma kutoka nyuma. Alimweleza kwa Kiairishi. Hakuongeza hata neno moja la lugha nyingine.

Ishirini kwa kumi na sita. Teke la nyongeza lilitoka nje. Dublin sasa walihitaji trai, na kwa dakika tisa zilizobaki hawakuuachia mpira. Walikuja kushoto, wakaja kulia, wakaja katikati, na kila walipokuja palikuwa na mtu wa kuwapokea. Sauti ya Bairbre ilikuwa imeanza kumkauka. Aliacha mapambo yote, mitumbwi na kondoo, akabaki kutaja majina. Seosamh kamwangusha. Fiachra kamwangusha. Seosamh tena. Cóilín, mdogo kuliko wote, kalikamata miguuni jitu la kilo mia na ishirini na kung'ang'ana nalo. Hawapiti, alisema. Akalisema tena kwa mnong'ono. Hawapiti hapa.

Dakika ya themanini na mbili mpira ulimponyoka mchezaji wa Dublin mita mbili kutoka mstarini. Cóilín aliuokota, akaupiga teke hadi jukwaani, na filimbi ikalia.

Bairbre alifungua mdomo, sauti haikutoka. Tadhg alimpokonya simu.

"Imekwisha," alisema. "Ni yetu. Mabingwa. Hapa Bairbre analia, msimjali, mwacheni alie."

Bwana mwenye chupa ya chai alifunga skafu yake, akapanda ngazi kuelekea mlangoni bila kuwatazama. Kule chini waandishi walimzingira Cóilín, lakini yeye alikuwa amenyoosha shingo, akiwatafuta wawili. Tadhg alipovua sweta lake la kijani na kulipunga, kijana aliruka uzio, akapanda ngazi na tope lake lote, akakaa kwenye kiti kilichoachwa wazi, akaomba simu.

"Nianze na nyumbani," alisema.

Wiki ya kwanza ya Juni Eoghan akawaita tena. Safari hii kulikuwa na biskuti mezani. Alieleza kwamba watu elfu kadhaa walisikiliza fainali kwenye mtandao, hata kutoka Boston na Sydney, na kampuni moja ilikuwa tayari kudhamini msimu mzima. Ilikuwa na ombi dogo tu: matangazo yawe nusu kwa nusu, Kiairishi na Kiingereza, ili kila mtu afaidi.

"Hapana," Bairbre akasema.

"Hujasikia masharti yenyewe."

"Eoghan, miaka kumi na mmoja hakuna aliyeniuliza kama wa Dublin wananielewa. Tulipokuwa wa kumi tulitangaza kwa lugha hii. Tukiwa wa kwanza tuibadilishe kwa nini? Wanaotaka kufaidi wajifunze. Mimi mwenyewe raga nilijifunza."

Eoghan alimgeukia Tadhg, akitumaini kupata mtu wa kumsaidia. Tadhg alikuwa anatafuna biskuti. Alimeza, akasema biskuti ni nzuri.

Siku ya nne meneja alipiga simu ushirika wa wavuvi, akaulizia tu kama mechi ya kwanza ya Septemba watahitaji gari la redio au watakwenda na la Tadhg. Mdhamini akajitoa. Badala yake wakaja watu wa ushirika wenyewe na baa mbili za pwani, na matangazo yao ya biashara yakasomwa kwa Kiairishi.

Septemba mabingwa waliingia uwanjani Galway wakishangiliwa, kombe limewekwa juu ya meza karibu na mstari, mvua ikilinyeshea. Wakafungwa thelathini na moja kwa tisa. Bairbre akaitangaza kila pointi.