Padi Tatu za Faidha

"Toa mkono, tuanze upya," nilimwambia Faidha.

Alitoa mkono juu ya mausi, akaupangusa kwenye kanga. Kwenye skrini vidoti vyekundu viliendelea kutokea na kupotea bila mtu wa kuvipiga. Niliondoa padi ya plastiki ya kutelezeshea mausi, nikapangusa meza, nikaweka ya kitambaa palepale, ndani ya mistari ya chaki niliyoichora ili kila padi ikae palepale ilipokaa mwenzake. Kisha nikageuza mausi, nikafuta soli zake nne za chini kwa kitambaa safi. Ndivyo tulivyofanya tangu mwanzo: kiti kilekile, mausi ileile, mchezo uleule wa kulenga vidoti. Padi tu ndiyo ibadilike.

Faidha ni mtoto wa kaka yangu. Jumamosi atashindana Masasi, kwenye banda la gemu la Selestini kule Mkomaindo, na ni mmoja tu atakayechukuliwa kwenye timu ya kwenda Mtwara. Kila mchezaji huja na mausi yake na padi yake. Mara ya mwisho alifika hadi mchezo wa mwisho. Akamwona adui, akavuta mausi, na alama ya kulengea ikapita kichwa cha yule adui, ikaenda kusimama ukutani. Vijana wa Masasi walicheka. Mmoja akasema, "Huo mkono ni wa kubangulia korosho."

Aliporudi hapa Makote alikuja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye hutengeneza kompyuta na simu kijijini, kazi niliyojifunza kwa kufungua vilivyokufa. Alitaka nimwambie padi ipi inamfaa. Ya kitambaa alikuwa nayo mpya, ya plastiki pia, na ya kioo tuliazimwa na Selestini mwenyewe. Sikutaka kumjibu kwa kukisia.

Ya kioo haikutusumbua kuipima. Mausi iliteleza juu yake kama tone la mafuta kwenye sinia, na asubuhi za ukungu, ambazo huku juu Newala ndizo nyingi, pembe ya kiganja ilinata pale pale ilipotakiwa kuteleza. Ya plastiki ilikwaruza, mausi ilianza upesi na kusimama kwa shida. Lakini zote mbili zilikuwa na msimamo. Ilivyokuwa leo ndivyo ilivyokuwa juzi.

Tabu ilikuwa kitambaa. Kuna siku mausi iliondoka juu yake bila kusukumwa, ikasimama mahali jicho liliposimama, na Faidha akavipiga vidoti karibu vyote. Nikaandika kwa chaki nyuma ya mlango: nyepesi. Siku ya pili, padi hiyohiyo, Faidha huyohuyo, ikawa kama anasukuma mausi juu ya blanketi. Nikaandika: nzito. Nyuma ya mlango sasa palikuwa na nyepesi, nzito, nyepesi, nyepesi, nzito, nyepesi, na mimi sikuwa na neno la kumwambia mtoto wa watu.

Wala haikuwa uchafu. Kila jioni niliifua padi ile kwa sabuni ili itoke jasho, nikaianika kambani uani, nikaiacha huko hadi jua lichomoze na kuikausha.

"Vipi?" nilimuuliza alipomaliza, nikifuta tena soli za mausi kama kila siku.

"Nzito."

"Jana ulisema nyepesi."

"Jana ilikuwa nyepesi, shangazi."

"Ulilala vizuri?"

Aligeuza kiti akanitazama. "Sema tu. Sema kama wale wa Masasi."

"Sijasema kitu."

"Juzi uliniuliza kama nimekula. Leo umeniuliza kama nimelala. Kesho utaniuliza kama nimeachwa na mtu."

"Umeachwa?"

Karibu acheke, akajizuia. "Mkono wangu mzima. Mimi najua ninachokisikia chini ya mkono. Siku hii inateleza, siku ile haitelezi. Wewe ndiye hutaki kuamini."

Si kwamba sikutaka. Nilikuwa nimefika mahali ambapo kila kitu kingine nilikuwa nimekishikilia kisitikisike, na aliyebaki kutikisika ni yeye. Hilo sikumwambia. Nadhani alilisoma usoni.

Hapo ndipo Mzee Fakihi alipopiga hodi. Shamba lake la mikorosho limepakana na ua wetu, na kila akija kuchaji simu huja na maneno.

"Shikamoo, babu," alisema Faidha bila kuinuka.

"Marahaba. Nani amemnunia nani humu?" Aliniangalia. "Mama Dauda, bado unaosha zulia la panya? Watu wanasubiri zamu bombani tangu alfajiri, wewe maji unampa panya akanyagie."

"Ndoo moja tu, mzee."

"Ndoo moja ya Newala ni kisima cha kwingine." Alinipa simu yake, akasugua nyusi, na vumbi la njano likamdondokea kifuani. "Ila nimekuja pia kuomba radhi. Jana alfajiri nilikuwa napuliza ile mikorosho ya mpakani, upepo ukageuka. Nimeona nguo zenu kambani zimekula unga wa salfa kuliko majani yangu."

"Hamna neno, ndio msimu," nilijibu, kama anavyojibu kila mtu.

Nikachomeka simu yake kwenye umeme. Mkono ukabaki kwenye soketi.

"Leo ulipuliza?"

"Leo? Kwa upepo ule? Ningempulizia nani, malaika?"

"Na juzi?"

"Juzi bomba la kupulizia lilikataa kuwaka." Alinitazama vizuri. "Kwani polisi wamekuja?"

Nilikwenda kwenye kikapu cha vitambaa vya kufutia. Cha leo, nilichofutia soli za mausi muda mfupi uliopita, kilikuwa na weusi kidogo. Cha jana kilikuwa na mistari ya njano, minne, kama soli zenyewe. Nilikuwa nimekishika jana kwa mkono wangu huu na sikuona kitu. Msimu huu njano iko kwenye madirisha, kwenye masufuria, kwenye kope za watu. Hakuna aionaye tena.

Kila mtu huku anajua kwa nini salfa hupulizwa alfajiri. Jani likiwa na umande, unga hushika. Jua likitoka jani hukauka nao, na ugonjwa wa ubwiri unga haupati pa kuanzia. Mimi nami kila jioni nilikuwa nafua padi na kuitundika mbichi kando ya mikorosho ile, nasubiri jua. Nilikuwa nimeongeza jani moja kwenye shamba la Mzee Fakihi.

Nilimwonyesha Faidha vitambaa viwili. Alivitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo mkono wangu hauna kosa."

"Hauna."

"Na padi je?"

"Padi sijui. Hatujaipima. Tulikuwa tunapima salfa."

Sikufurahi hata kidogo. Mtu akipata sababu anatakiwa apumue, lakini mimi nilitazama nyuma ya mlango na kuona kazi yote ile haina maana, na zaidi ni kwamba ningeianika chumbani tangu siku ya kwanza haya yasingetokea. Kufua kwangu ili kipimo kiwe cha haki ndiko kulikoharibu.

"Basi rahisi," alisema Faidha. Macho yalikuwa yamepata uhai. "Siku za salfa nilipiga vizuri. Tuipake."

"Gunia la salfa liko mlangoni kwangu," alisema Mzee Fakihi. "Kwa panya sitaji bei."

"Utaipaka mbele ya Selestini?" nilimuuliza Faidha.

"Nitaipaka nyumbani."

"Ukifika Masasi itakuwa imekung'utika njia nzima, upande mmoja ipo, mwingine hakuna. Utavuta mausi, itaanza nyepesi, iishie nzito. Na jicho la mausi lile chini halipendi unga."

"Unajua hivyo, au unakisia?"

Swali lake lilikuwa la haki. "Nakisia," nilisema.

Faidha akasema taratibu, bila kunitazama, "Mimi nimeuzoea ule wepesi, shangazi. Hii ya leo siiwezi. Nikienda nayo hivi watanicheka tena."

"Hata hii ya leo si kavu. Jua halikutoka vizuri. Ikauke kabisa, isiwe na unga, halafu uniambie. Ikiwa bado nzito, tunaichukua ya plastiki na unashinda nayo kutwa hadi mkono uizoee."

"Kutwa ipi? Kesho Ijumaa. Keshokutwa alfajiri tuko njiani."

"Kesho."

"Mzee," alisema Faidha, "kesho usipulize."

Mzee Fakihi alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mjukuu wangu, nimeshapoteza siku mbili. Ubwiri unga haujui Ijumaa. Nitaanza upande wa kule mbali. Zaidi ya hapo siwezi."

Alipoondoka nilimimina maji yaliyobaki kwenye beseni, nikailoweka padi. Safari hii niliisugua hadi ndani ya nyuzi, maji yakageuka njano, nikayamwaga, na ya pili yakageuka pia. Faidha alikwenda kwao kuleta ndoo nyingine bila mimi kumtuma. Maji ya tatu yalibaki meupe. Niliikamua kwa taulo, nikaitandika juu ya mgongo wa kiti, nikawasha jiko la mkaa na kuliweka mbali kidogo ili mpira wa chini usiungue. Faidha alipanda kitandani akaziba uwazi wa juu ya dirisha kwa kanga yake, akaibana kwa misumari ya chandarua.

Nilichukua kitambaa kibichi nikaanza kufuta chaki nyuma ya mlango. Nilipofika katikati aliniambia niache.

"Ya kioo na ya plastiki zilikuwa kweli," alisema. "Futa ya kitambaa tu."

Nikafuta ya kitambaa tu. Aliishika padi kwa nyuma, akaibonyeza kwa kidole gumba, maji yakatokeza.

"Bado sana," alisema, akaigeuza upande wa pili.