Uso wa Namba 43

Msinihubirie. Najua mnachotaka kusema, na mchungaji ameshakisema mara mbili mbele za watu. Mimi Esnath nimemchukia Gwamaka miaka miwili, na nilimchukia kwa moyo wote, bila kupumzika hata Jumapili.

Alimuua mdogo wangu. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Anyosisye alikuwa na miaka ishirini na mbili, kitindamimba wa mama, na siku hiyo walikuwa wawili kwenye pikipiki ya Gwamaka wakitoka Igogwe. Mvua, kona, lori la majani ya chai. Mdogo wangu alikufa palepale. Gwamaka alivunjika mguu, na alipopata fahamu akawaambia polisi kwamba aliyekuwa anaendesha ni marehemu. Marehemu! Anyosisye, ambaye sijawahi kumwona ameshika hata baiskeli ya mtu! Msibani watu wakanong'ona kwamba kijana amejiua mwenyewe kwa kiherehere chake. Na Gwamaka akaja na magongo yake, akaketi na wanaume, akala chakula chetu. Nilitamani nimmwagie ule mchuzi kichwani.

"Ngoja," nikasema moyoni. "Siku yako inakuja."

Ikaja na petroli. Bei ilikuwa imepanda tena, na madereva wa bodaboda wa Tukuyu wakasema sasa basi. Mimi ni fundi cherehani pale Ibighi, lakini ugonjwa wangu ni kamera. Niliinunua Mbeya, imetumika, na tangu hapo sikosi harusi wala ubatizo, hata kama hakuna aliyenialika. Asubuhi ile niliposikia honi barabarani niliacha gauni la watu kwenye cherehani, nikatoka mbio.

Nani angekosa? Pikipiki zaidi ya mia, injini zimezimwa, zinasukumwa kwa mikono, matawi yamechomekwa kwenye taa. Mbele kabisa wanne wamebeba dumu tupu la petroli mabegani, wamelifunika kanga, na wanaume wazima wanaomboleza: "Umetuacha na nani, petroli wee!" Wamama wa ndizi walicheka mpaka wakakaa chini. Hata mimi nilicheka huku napiga picha. Wakalishusha dumu mbele ya sheli iliyopo barabara kuu, wakalizunguka, mmoja akajifanya mchungaji akaanza kulizika. Mpaka hapo yalikuwa maandamano ya watu wenye njaa na utani wao.

Kisha mmoja akarusha jiwe. Kioo cha pampu kikapasuka. La pili likampata mlinzi kichwani, akaanguka, na watu wakatawanyika.

Wengi walikuwa wanarekodi kwa simu, ila wote walikuwa nyuma ya yule mtu. Kufika mchana video ilikuwa imeenea Tukuyu nzima: mgongo, mkono juu, kizibao cha njano na namba 43. Na namba 43, kila mtu kijiweni anajua, ni ya Gwamaka. Polisi wakamkuta nyumbani kwake, wakamchukua.

Lakini mimi nilikuwa mbele. Nilikuwa nimepanda ngazi za duka la pembejeo ili nipate dumu na umati kwa pamoja. Nilipofika nyumbani nikaitafuta picha ya yule mrusha jiwe, nikaikuza kwenye kioo cha kamera. Picha moja tu, lakini safi: namba 43 kifuani, jiwe mkononi, mdomo wazi. Na uso haukuwa wa Gwamaka. Ulikuwa wa Jairo, deiwaka wake, yule anayeshika pikipiki siku ambazo Gwamaka mguu unamuuma. Pikipiki ya mwenzio, kizibao cha mwenzio, wanafanya hivyo kila siku na hakuna anayeona ajabu. Jairo mwenyewe alikuwa ameshatoweka. Wengine walisema yuko Tunduma.

Niliiangalia ile picha nikacheka peke yangu. Gwamaka kasingiziwa! Aonje basi. Amlilie nani? Marehemu hakupata hata nafasi ya kusema "si mimi".

Siku ya tatu akaja mkewe, Ikupa, na tumbo lake la miezi minane. Hakukaa kwenye kigoda nilichompa.

"Dada Esnath, wamesema ulikuwa mbele unapiga picha. Gwamaka alikuwa amelala nyumbani, mguu umevimba, mimi ndiye niliyekuwa namkanda. Niangalizie tu, dada."

"Sina kitu."

"Niangalizie. Yule mlinzi bado yuko hospitali. Watamfunga."

"Mumeo alipomsingizia mdogo wangu, wewe ulikuja kuniangalizia nini?"

Akainamisha kichwa. "Hajawahi kukusema vibaya, dada. Hata siku moja."

Hilo ndilo lililonichoma. Hajawahi kunisema vibaya! Yeye nani anisamehe mimi? Ikupa alipoondoka nilitoa memori kadi kwenye kamera, nikafungua pasi yangu ya mkaa, nikaitumbukiza kwenye makaa. Ikajikunja, ikatoa harufu mbaya ya plastiki. Nilikuwa na picha nyingi humo, kazi ya miezi, zote zikaenda. Nikapuliza makaa, nikafunga mfuniko, nikaendelea kunyoosha gauni la watu.

Nilidhani nitalala vizuri. Sikulala. Kumbe haikunitosha Gwamaka afungwe, nilitaka kwanza aseme. Aseme kwa mdomo wake, mama asikie.

Na mama mwenyewe ndiye aliyenipa njia. Kesho yake aliniambia tumpelekee Gwamaka chakula kituoni.

"Mama! Huyo huyo?"

"Huyo huyo. Mkewe hawezi kupanda kile kilima kila siku."

Nilifungua mdomo nipige kelele, nikaufunga. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Nitamwambia ninayo picha. Nitamwambia akiri mbele ya mama, nami nitaipeleka. Ataikimbilia kama mtu anayezama. Na akishakiri, nitamuuliza: picha ipi? Nilimbebea mama sufuria njia nzima, na mama akashangaa upole wangu.

Kituoni alikuwepo afande mmoja wa makamo, mpole. Akamtoa Gwamaka, akamketisha kwenye benchi karibu na kaunta. Alikuwa peku, hana mkanda, anaburuza mguu. Mama akamfunulia ndizi na maharage.

"Ndaga, mama," akashukuru, akaanza kunawa.

Nikamsogelea. "Gwamaka, ninayo picha. Uso wa Jairo unaonekana wazi na namba kifuani. Mwambie mama yangu ni nani aliyekuwa anaendesha siku ile, na picha naitoa leo hii."

Mikono yake ikabaki inachuruzika maji. Akaniangalia mimi, akamwangalia mama, akaangalia mlango. Nikaona anavyoitaka ile picha. Nilifurahi, siwadanganyi, nilifurahi mpaka mwili ukasisimka.

"Dada," akasema, "ungeniambia niseme nimeiba, ningesema. Mke wangu anakaribia kujifungua. Lakini hilo siwezi. Alikuwa anaendesha Anyosisye. Kosa langu ni kumpa ufunguo wakati mvua inanyesha, na hilo nalilia mpaka leo."

"Mwongo! Anyosisye hakujua pikipiki!"

"Alijua," mama akasema.

Nikageuka. Mama alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili.

"Gwamaka alimfundisha uwanjani kule Mpuguso, miezi mitatu. Mimi mwenyewe alinipakia mara mbili kwenda kanisani, wewe ukiwa Mbeya. Akaniomba nisikwambie. Ulishaapa kwamba ukimwona kwenye pikipiki utamvunja miguu."

"Miaka miwili, mama! Miaka miwili unaniangalia tu!"

"Nilijaribu. Nikitaja jina la Gwamaka unatupa vyombo. Ile siku ulivunja kioo cha dirisha, umesahau? Nikakuogopa, Esnath. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, nikamwogopa." Akavuta pumzi. "Haya. Hiyo picha mpe afande."

Afande alikuwa ameshasimama kaunta, ananyoosha mkono.

"Sina," nikasema.

"Umesema unayo sasa hivi."

"Nimeichoma. Kwenye pasi."

Nje mtu alikuwa anapiga honi, anataka kupishwa. Afande akarudisha mkono wake taratibu. "Sasa dada, hapa ulikuja kufanya nini?"

Nikamgeukia mama, naye akageuzia uso wake mlangoni.

Gwamaka ndiye aliyeuliza lingine. "Ikupa alikuja kwako."

"Alikuja."

"Siku hiyo ilikuwepo bado?"

Ningeweza kudanganya. Mungu anajua nilitafuta uongo na sikuupata. "Ilikuwepo."

Akatikisa kichwa polepole. Akaisukuma ile sufuria kwa mama, hajagusa hata kipande. Kisha akaniambia bila kupaza sauti: "Dada Esnath, miaka miwili watu waliniambia unavyonitukana, nikasema mwacheni, amefiwa. Sikukuchukia. Sasa nitaanza. Humu ndani nina muda."

Afande akamwinua, akamrudisha. Nilisikia mguu wake ukiburuzwa mpaka mlango wa chuma ukafungwa.

Aliporudi nikamwambia aandike. "Andika, afande. Niliona kwa macho yangu. Ni Jairo aliyerusha, Gwamaka hakuwepo."

"Una nini cha kuonyesha?"

"Nimekwambia niliona!"

"Na kwa nini ulichoma kitu ambacho kingemwokoa mtu?"

"Kwa hasira."

"Hasira ya nini?"

"Ya jambo ambalo halikuwa kweli."

Akaandika yote, hata la pasi. Akanisomea neno kwa neno, nikajisikia navuliwa nguo barabarani. Nikaweka sahihi. "Hili ni neno lako tupu," akasema, akifunga faili. "Nitalipeleka. Lakini wakili wa serikali atakuuliza hayahaya, na ukimjibu hivi atakucheka. Mimi mwenyewe, dada yangu, sijui kama nakuamini."

Nilitaka kumrukia. Mimi naapa, mimi nimeona, na yeye haniamini! Nikageuka ili mama anisaidie kumwambia kwamba sasa nasema kweli.

Benchi lilikuwa tupu. Kupitia dirishani nilimwona ameshafika chini barabarani, sufuria kichwani bado imejaa, anaelekea kwa Ikupa. Nilimwita mara tatu, kwa sauti yangu yote. Alisikia, maana aliongeza mwendo.