Kona Inayozama

Kilichomuuma Tluway siku ile ni kiti. Miaka minane alikuwa amelijenga, kulipiga lipu na kulizibia nyufa jengo la Bonaventura pale Haydom, na hakuwahi kuletewa kiti. Leo Wilbard, kijana wa Babati ambaye hajashika hata tofali moja, amekalishwa na kikombe cha chai mkononi.

"Injinia, ongeza sukari," Bonaventura alisema.

"Atakunywa mpaka jengo lianguke," Tluway alinong'ona kwa sauti ya kusikika.

Jengo lilikuwa na maduka matatu mbele, na nyuma vyumba sita vya watu wanaouguza ndugu zao hospitalini. Lilijengwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye ng'ombe wa kuuza akataka duka. Sasa, mwaka wa pili tangu Manyara iwe mkoa, kona ya nyuma ilikuwa inazama. Ufa wa chumba cha sita uliingia vidole vitatu. Tluway aliuziba mara nne, ukarudi mara nne, ndipo Bonaventura akamwita injinia.

Wilbard alikuwa amemwamkia vizuri, "Shikamoo, fundi," na hilo nalo lilimuudhi, maana alikosa pa kumshika.

Mpango wa Wilbard ulikuwa huu: paa liegemezwe kwa magogo, kisha wachimbe chini ya msingi kipande cha mita moja, wamwage zege, wangoje likomae, ndipo waende kipande kingine. "Ukichimba wote kwa mpigo, ukuta unakulalia."

"Umesikia?" Bonaventura alimgeukia Tluway. "Wewe utachimba, yeye atakuelekeza."

"Kuchimba tafuta vibarua."

Yeye na Bonaventura walichunga pamoja, wakapata kipaimara siku moja. Leo aelekezwe na mtoto! Tluway alitaka Wilbard akosee mbele ya watu. Na alijua atakosea. Chini ya kona ile kulikuwa na nyumba ya zamani ya mzee Akonaay, ya kuchimbiwa ubavuni mwa kilima, kama wazee walivyochimba ili kuwakwepa wezi wa ng'ombe. Ilipoachwa ilijaa samadi na majivu. Tluway aliikuta siku ya kuchimba msingi. Alikuwa amejigamba kumaliza kabla ya fundi Ignasi aliyejenga jirani, kwa hiyo akapanga mawe juu ya majivu, akanyamaza. Akinyamaza na leo, ukuta utaanguka mikononi mwa Wilbard.

Wilbard akaomba nondo na nyundo. Katikati ya ukuta nondo iligoma kabla ya kufika kina cha goti. Konani ilizama yote. Akaivuta, akanusa ncha yake.

"Majivu. Hapa pana shimo lilifukiwa."

Bonaventura akapiga makofi. "Mwone mtu! Anaona chini ya ardhi! Ningempata huyu tangu mwanzo..."

"Anaona nini!" Tluway alifoka. "Mimi nililiona kabla yake! Niliingia humo mpaka kiunoni!"

Makofi yakakoma.

"Uliliona," Bonaventura alisema polepole. "Ukajenga juu."

Bonaventura akakinyooshea kidole chumba cha sita.

"Watu wanalala humu, Tluway. Mtu analeta mama yake mgonjwa, halafu analala chini ya ukuta huo. Toka kwangu."

"Samahani, mzee," Wilbard alisema. "Asitoke kwanza. Nisipojua shimo linaishia wapi, mpango wangu utaua vibarua. Hakuna mwingine anayejua."

Bonaventura akatema mate pembeni. "Aonyeshe. Akimaliza, sitaki kumwona." Akaingia dukani.

"Fundi, tuanzie wapi?" Wilbard aliuliza.

Tluway akaburuta kisigino kwenye vumbi. "Mlango wa Akonaay ulikuwa hapa. Ukuta wake unakwenda hivi."

Wilbard akawa anachomeka vijiti nyuma yake. Shimo lilikuwa la hatua kumi na nne tu. Tluway alizitembea kwa kuvuta miguu, kwa sababu zikiisha na yeye ameisha kwa Bonaventura, na kwa sababu, pamoja na aibu yote ile, ilimpendeza kusikia viatu vya injinia vikimfuata.