Picha ya Mpishi

Dada yangu Nada aliacha kusomesha skuli ili aunde majiko ya jua. Mwaka 2004 alikuwa na karakana Mwembeladu, maseremala wawili, na majiko mengi kuliko wanunuzi. Msabah, mtu wa Kiponda aliyekwenda Maskati akarudi na mali, alikubali kuja nyumbani kumsikiliza. Akitia mtaji, karakana inabaki. Akikataa, inafungwa.

Kazi ya slaidi za kumwonyesha ikaniangukia mimi, Basil, kwa kuwa ndimi mwenye kompyuta. Nada alileta maelezo ya kutosha kumlaza mtu usingizi: miale, nyuzi za joto, unene wa kioo. Nikamwambia mwenye fedha haji kufanya mtihani wa fizikia. Tuanze na moshi wa jikoni na mikoko inayokatwa kwa ajili ya mkaa, kisha jiko, kisha nani atalinunua, kisha tunataka nini kwake. Kila slaidi jambo moja. Alinuna, akafuta, akanuna tena. Slaidi zikapendeza zote isipokuwa moja: tulihitaji mpishi, mtu halisi aliyesimama na jiko lake.

Tukamwendea mama.

"Mnitie kwenye sinema?" alisema. "Watu waseme mjane wa Zahran kakosa hata pesa ya mkaa, anaanika sufuria juani kama nguo?"

"Mama, ni picha tu."

"Nshasema."

Mama hakulipenda jiko lile tangu awali. La kwanza kabisa, lililopinda ubavu, Nada alimpa zawadi, naye akalipandisha juu ya paa, akasema ataanikia pilipili. Basi tukaweka picha ya jiko peke yake, limekaa uani, mfuniko wazi.

Siku ya mgeni nyumba ilinukia tangu asubuhi. Nada alitaka Msabah apikiwe kwa jiko la jua, ale, aamini. Mama akatutazama kama watu waliotaka kumpa mgeni makombo. Mgeni wa heshima anapikiwa pilau, na pilau inapaliwa makaa juu ya mfuniko; hilo kwake halikuwa na mjadala. Msabah akala, akasifu, akafuta machozi ya moshi uliokuwa ukipanda ngazi. Kisha nikawasha projekta, na slaidi ya kwanza ilihusu ubaya wa moshi.

Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Nada alieleza vizuri, bila kutetemeka, nami nikaanza kuiona karakana imepona. Ndipo Msabah akaomba nimrudishie slaidi ya jiko.

"Hili nimeliona," alisema. "Anayelipikia yuko wapi?"

Mama alikuwa nyuma ya pazia, anasikia kila neno.

"Humu ndani, nani analitumia?"

Mimi nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Nada akaniwahi.

"Hakuna mtu," alisema.

"Basi bibie, mimi ntamwambia nani alinunue, ikiwa mama yako mzazi halitaki?"

Akashukuru kwa pilau, akamwombea baba rehema, akaondoka. Nilimkasirikia Nada kwa ukweli wake hata nikashindwa kukunja waya za projekta.

Nada hakuigusa pilau. Mama akapanda juu ya paa, akarudi na sufuria iliyofungwa kanga, akaitua mbele yake.

"Basi kula choroko. Hizi zetu, si za wageni."

Sufuria ilikuwa imepakwa rangi nyeusi. Nada aliitambua: aliipaka mwenyewe ili ivute joto la jua, ikapotea humu humu nyumbani kabla ya Ramadhani. Akafunua. Choroko zilikuwa zinatoa mvuke, nazi imekolea, na chini ya sufuria hapakuwa na chembe ya masizi.

"Umepikia juu?"

"Kila siku," mama alisema, kama aliyeulizwa saa. "Huku chini nnawasha mkaa kidogo tu, majirani waone moshi."

"Mama! Na kwa nini hukusema?"

"Ungenipiga picha."

Nilikwisha kuvaa viatu. Nikamwambia namfuata Msabah, hajafika mbali.

"Kamwite," mama alisema. "Akija, ntakana."

Tulimjua. Nikavua viatu. Nada alilia kwa hasira, mbele yetu, bila kujificha uso, na huku analia akala choroko zote.

Karakana ilifungwa kabla ya masika. Nada amerudi skuli kusomesha. Mama bado anapikia juu ya paa, na sisi tunakula na kusifu. Kila mwisho wa mwezi Nada hupitia sokoni akirudi kazini, akamletea mama mkaa wa kuwaonyesha majirani.