Hasi ya Kalamu

Darubini, kama wenzake wa maabara walivyomwita kwa ile miwani yake mizito, alikuwa amefura kwa hasira. Mkononi alishika kadi ya kliniki ya wifi yake, mke wa kaka yake, mjamzito wa miezi saba. Kaswende: hasi. Hasi ya nini! Tarehe iliyo kwenye kadi, maabara haikuwa na kipimo hata kimoja, rafu ilikuwa na vumbi tu. Asubuhi hii, kwa boksi jipya lililofika jana, amempima mwenyewe. Mistari miwili, myekundu, bila haya: anayo kaswende.

Aliitupa kadi mezani kwa mkuu wa maabara. "Nani kaandika huu uongo?"

"Punguza jazba, dada. Vipimo viliisha. Ripoti ya mwezi ikiwa na nafasi tupu wakubwa wanairudisha, kwa hiyo tunajaza hasi. Kwani wewe mgeni hapa?"

"Fomu ishibe, watoto wafe? Huyu wifi yangu mwaka juzi kazika mtoto! Kazaliwa hana pumzi, watu wakasema mama ana mkosi. Kumbe dawa ni sindano tu, na iko hapo dirisha la pili!"

Mkuu aliinuka. Alivuta kabatini rejesta ya mwaka juzi, akauliza namba ya kadi ya ujauzito ule. Wifi, aliyekaa kwenye benchi la mlangoni, akaitoa mkobani. Alikuwa ameitunza, maana ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha yule mtoto. Mia mbili kumi na mbili. Maabara husoma namba, si majina.

Kidole cha mkuu kilishuka, kikasimama. Hasi, na ile s yenye mkia mrefu.

Darubini aliujua mwandiko wake mwenyewe. Aliikumbuka hata siku yenyewe: Ijumaa, rafu tupu, mistari thelathini aliyoijaza huku akipiga soga, ana haraka ya kwenda nyumbani. Hasira haikumwisha, ila ilikosa pa kwenda.

"Kuna nini, wifi?" sauti ilitoka mlangoni. "Mwaka juzi si nilikuwa mzima?"

"Hukupimwa, wifi yangu. Aliyeandika ni mimi."

Wifi aliinuka taratibu, akaja mezani, akaichukua kadi yake ya zamani. Akaipangusa kwa khanga, akairudisha mkobani. Kisha akaenda dirisha la pili peke yake.