Wiki Tatu za Kukata Rufaa

Tangazo lilikuwa fupi. Ylva Hedman ameteuliwa kuwa msanifu mkuu wa mifumo. Ataanza kazi tarehe mosi Aprili. Mwombaji asiyeridhika ana wiki tatu za kukata rufaa. Jerker Sundelin alilisoma akiwa amesimama, koti bado mwilini, theluji ikimyeyukia mabegani. Akalisoma tena, kana kwamba mara ya pili jina lingebadilika.

Na yeye aliomba kazi ile. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumikia idara hiyohiyo ndogo ya serikali mjini Sundsvall, akitunza mfumo wa kompyuta wenye leseni za mafundi wa nchi nzima. Chuo kikuu hakukiona. Kuandika programu alijifunza mwenyewe katika gereji ya baba yake kule Ånge, kwa mashine kuukuu na kitabu cha maktaba ambacho alikiazima mara nyingi hata mkutubi akachoka kumwandikia. Ylva alikuja miaka saba iliyopita, shahada mkononi, akapewa meza jirani na yake. Ni Jerker aliyemfundisha kuusoma mfumo wa zamani, ambao wengine waliukwepa kama mbwa asiyefungwa.

Saa tatu na nusu watu wakakusanyika kwenye chumba cha kahawa. Kwao, mwenye furaha ndiye anayeleta keki, kwa hiyo Ylva alikuwa amekwisha kuiweka mezani, ya kijani, na alikuwa anaikata.

"Hongera," Jerker alisema.

"Asante, mzee wangu." Akamtazama kidogo. "Hujakasirika?"

"Nikasirike kwa nini?"

"Haya basi, chukua kipande kikubwa. Usije ukaniita mchoyo siku kama ya leo."

Wenzao wakacheka. Jerker naye akacheka, akala. Keki ilikuwa nzuri, na hilo likamuudhi zaidi. Alimwona mkurugenzi akimgusa Ylva begani, akaona namna watu walivyomgeukia kila alipofungua mdomo, hata alipouliza tu maziwa yako wapi. Kitu kikamsokota chini ya mbavu. Mwanzoni alidhani ni kiungulia.

Hakikuwa kiungulia, maana kesho yake kilikuwepo bado, na kesho kutwa. Ylva alipocheka kwenye simu, Jerker aliacha kuandika mpaka amalize. Alipotoka kwenda mkutanoni, alikitazama kiti chake kitupu na kuona hata kiti chenyewe kinaringa.

Siku ya sita alifanya jambo ambalo sheria inamruhusu kila mtu kulifanya. Barua za maombi ya kazi serikalini ni mali ya umma. Yeyote anaweza kuziomba, na msajili hana ruhusa ya kuuliza wewe ni nani wala unazitakia nini. Jerker alifungua anwani mpya ya barua pepe isiyo na jina, akaomba nyaraka za uteuzi ule, akizitaja moja moja kwa namba, kutoka moja hadi saba.

Msajili wao, Gunnel, mwanamke wa ghorofa ya kwanza aliyebakiza miezi michache astaafu, alizituma siku hiyohiyo. Asubuhi iliyofuata alijimiminia kahawa karibu na Jerker.

"Kuna mtu huko nje," alisema taratibu, "anaomba nyaraka kwa orodha. Namba moja, nukta, namba mbili, nukta. Mwishoni anashukuru mapema."

"Watu wa kila namna wapo," Jerker alisema.

"Wapo. Mimi siruhusiwi kuuliza." Gunnel akakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. "Nasema tu kwamba uandishi wake unanikumbusha mtu fulani, na huyo mtu ningemshauri alale usingizi kwanza."

Jerker hakulala sana. Jumamosi alikaa mezani kwake mchana kutwa na kalamu nyekundu. Barua ya Ylva ilikuwa na kurasa tatu, imeandikwa vizuri, bila majivuno aliyotarajia kuyakuta. Aliipitia akitafuta pa kushika, na katika ukurasa wa pili akapapata.

"Niliongoza kazi ya kuhamisha rejista yote kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, katika siku nne za sikukuu ya Kupaa, bila kupotea hata leseni moja."

Kalamu ikatua hapo. Kazi ile ilikuwa yake. Miezi mitano aliandaa mwongozo wake: hatua mia mbili na kumi na nne, kila moja na saa yake na mtu wake, na jalada linalosema, Mwandishi: J. Sundelin. Katika idara nzima hapakuwa na kitu alichojivunia kuliko karatasi zile. Na Ylva alikuwa ameziingiza katika mstari mmoja, akaketi juu yake.

Kile kilichokuwa kinamsokota sasa kikapata jina zuri. Kikaitwa haki.

Aliandika rufaa kwa siku kumi, akiifuta na kuirudia. Hakutukana. Alieleza kwamba uteuzi serikalini huangalia sifa na uwezo, kwamba aliyeteuliwa amejipa sifa ya kazi iliyofanywa na mwingine, na kwamba bodi ya rufaa inaombwa kuutengua uteuzi na kumpa kazi yeye. Siku ya kumi na tisa, akiwa na siku mbili mkononi, akaituma. Alihisi wepesi kifuani kama mtu aliyetua mzigo, akaenda kula chakula cha mchana peke yake, samaki wa kukaanga na viazi, akamaliza sahani.

Sasa, Jerker alikuwa mtu wa kuthibitisha. Bodi ingeomba ushahidi, naye hakutaka kuombwa mara mbili. Kesho yake asubuhi alifungua kumbukumbu za mfumo, zile zinazoandika zenyewe kila kilichofanyika, saa ngapi na kwa jina la nani, ili atoe orodha ya hatua zake mia mbili na kumi na nne.

Jina lake lilitokea mara tisa. Zote zilikuwa Jumatano, kabla kazi yenyewe haijaanza.

Alidhani amekosea kutafuta. Akarudia. Alhamisi, Ylva. Ijumaa, Ylva. Jumamosi tangu saa kumi na mbili asubuhi, Ylva, na vijana wawili wanaotunza seva waliokuwa wakimfuata. Yeye alikuwa Örnsköldsvik, mji anaoishi mama yake. Mama yake alianguka barazani akavunjika nyonga siku ile ya Jumatano jioni, na Jerker alikaa hospitalini mpaka Jumapili. Hilo hakuwa amelisahau. Lakini alikumbuka pia alivyopiga simu ofisini kutoka kwenye ukumbi wa hospitali, na katika miaka mitatu iliyopita tangu hapo simu ile ilikuwa imekua. Katika kumbukumbu zake yeye ndiye aliyekuwa akitoa maelekezo, saa baada ya saa. Kwa kweli alipiga mara mbili. Mara ya pili Ylva alimwambia, kila kitu kiko sawa, kaa na mama.

Na kila kitu hakikuwa sawa. Hatua ya mia na thelathini na moja ilikuwa imekwama. Jerker alisoma mistari ile taratibu, kidole kwenye kioo. Mwongozo wake ulisema mfumo wa zamani ufungwe, kisha leseni zihesabiwe pande zote mbili kuona kama zinalingana. Lakini mfumo ukishafungwa, leseni zilizomo hazihesabiki. Lilikuwa kosa la kitoto, na alikuwa amelipita kwa macho mara mia. Waliufunga, wakashindwa kuhesabu, na kwa saa tano hakuna aliyejua kama leseni za nchi nzima zimefika au zimepotea njiani. Ylva alirudi nyuma hatua kwa hatua, akaufungua tena, akaandika hatua sita mpya, akaanza upya. Hizo sita zilikuwa ndani ya mwongozo hadi leo, zimepangwa vizuri, chini ya jina la J. Sundelin. Hakuwahi kuziona. Tangu siku ile hakuufungua mwongozo ule ila kutazama jalada.

Alikuwa bado ameketi vile Ylva alipoingia na kufunga mlango. Ofisini kwao milango haifungwi. Mkononi alikuwa na nakala ya rufaa. Aliyeteuliwa hupewa asome, ndiyo kanuni, na Jerker aliijua kanuni hiyo. Alichokuwa hajakifikiria ni sura yake akiwa ameisoma.

"Umeandika vizuri," Ylva alisema. "Koma zote zimekaa mahali pake."

"Ylva..."

"Ngoja. Nimekuja na maneno yangu nimeyapanga, ukinikatiza yatanipotea." Hakukaa. "Kuna kampuni Uppsala ilinitaka. Wiki iliyopita niliwaambia hapana, kwa sababu ya kazi hii. Bodi ikikusikiliza, sina hii, sina ile. Sikwambii unionee huruma. Nakwambia ujue unachokifanya, maana wewe ni mtu unayependa kujua."

Jerker akamgeuzia skrini ya kompyuta. "Mia na thelathini na moja," alisema.

Ylva akatazama.

"Kwa nini hukuniambia?" Jerker aliuliza.

"Mama yako alikuwa amevunjika nyonga, Jerker. Ningekupigia nikwambie nini? Pole, na mwongozo wako una shimo?"

"Baadaye ungeniambia."

"Baadaye lini? Jumatatu uliingia na keki. Umeinunua mwenyewe, umeibeba kwenye basi, unawashukuru watu wote kwa kuufuata mwongozo wako. Unafikiri ningeanzia wapi? Niliona aibu kwa niaba yako, nikala keki nikanyamaza. Kisha nikaandika mstari mmoja. Mmoja tu. Niliuandika mara nne ili usikuumize. Nilitaka kusema niliokoa, nikafuta, nikaandika niliongoza."

Nje gari la kuondoa theluji lilipita likikwaruza barabara.

"Nilikuonea wivu," Jerker alisema.

"Nilijua. Tangu siku ya tangazo unanisalimia kama karani wa benki."

"Na bado naona."

"Basi ona," Ylva alisema, akafungua mlango. "Lakini usiniite mwizi kwenye karatasi inayosomwa na kila mtu."

Jerker alibaki peke yake. Kuondoa rufaa kulikuwa rahisi: mstari mmoja na sahihi, bila sababu yoyote. Lakini alijua nyaraka zinavyoishi. Rufaa yake ingebaki kwenye jalada miaka na miaka, na yeyote atakayeliomba angesoma kwamba Ylva Hedman alijipa sifa za kazi ya mwingine, kisha angesoma mstari unaosema mlalamikaji ameghairi, na angejaza mwenyewe kilichokosekana katikati. Kuondoa bila kueleza kungemwachia Ylva doa. Kueleza kungemwachia yeye. Alilipima jambo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye, na kwa nusu saa nzima upande uliokuwa ukishinda ulikuwa ule wa mstari mmoja.

Alipoanza kuandika aliandika kwa namba, kama kawaida yake. Moja, madai yangu si kweli. Mbili, kazi ya kuhamisha rejista iliongozwa na Ylva Hedman. Kumbukumbu za mfumo zimeambatishwa. Tatu, mwongozo nilioandika ulikuwa na kosa katika hatua ya 131, ambalo lingeweza kupoteza rejista. Nne, kosa hilo lilirekebishwa na Ylva Hedman, kwenye mwongozo unaobeba jina langu. Alisita kwenye ya tano, akafikiri kuifuta, akaiacha: hakuna aliyenishurutisha kuandika barua hii.

Akashuka nayo mwenyewe hadi ghorofa ya kwanza. Gunnel aliisoma yote, miwani kwenye ncha ya pua, akarudi namba tatu akaisoma mara ya pili.

"Namba moja peke yake ingetosha," alisema.

"Najua."

"Unajua pia kwamba nikigonga muhuri hapa, hata kijana aliyeajiriwa jana anaweza kuja kuniomba nakala? Wataisoma, Jerker. Wataizungumza kwenye kahawa, wewe ukiwa pale."

"Waisome."

Gunnel alivuta muhuri karibu, lakini hakuuinua. "Na sasa roho imetulia?"

Jerker alifikiri kwa uangalifu, maana hakutaka kuongeza uongo mwingine siku hiyo.

"Hapana," alisema. "Kile cheo bado nakitaka. Nikimwona Ylva natamani ningekuwa mimi."

"Hilo sijaliona kwenye barua."

"Bodi haihusiki nalo."

"Haya," Gunnel akasema, akagonga muhuri, akaandika tarehe kwa mkono.